Kurudi kwenye Chrono Trigger: mwongozo kamili kwa anayeucheza upya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyewahi kuucheza mchezo wa video wa Chrono Trigger, ule wa kusafiri katika zama, hapo zamani, akaumaliza au akauacha njiani, na ambaye sasa ameuona tena katika toleo la Steam au la simu na anataka kuurudia kwa utulivu. Hautaeleza kila pambano wala kila sanduku, kwa sababu mchezo wenyewe humwongoza vizuri mtu yeyote anayesikiliza wanavijiji wanasema nini. Utakaa zaidi mahali ambapo tendo dogo la zama moja huzaa jambo katika zama nyingine, kwani hapo ndipo wengi wetu tulipopita mbio. Asiyewahi kuucheza kabisa na anayependa kushangazwa aishie hapa, maana siri za hadithi zimetajwa waziwazi.

Chrono Trigger ulitolewa na kampuni ya Square nchini Japani tarehe 11 Machi 1995 kwa ajili ya mashine ya Super Famicom, kisha ukafika Marekani mwezi Agosti mwaka huohuo. Waliousimamia walikuwa Hironobu Sakaguchi, mwanzilishi wa Final Fantasy, na Yuji Horii, mwanzilishi wa Dragon Quest, huku michoro ya wahusika ikifanywa na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball aliyefariki Machi 2024. Muziki ulikuwa kazi kubwa ya kwanza ya kijana Yasunori Mitsuda, aliyejichosha mpaka akapata vidonda vya tumbo, na nyimbo zilizobaki zikakamilishwa na Nobuo Uematsu. Nataja majina haya kwa sababu mwishoni mwa mwongozo utakutana nao ndani ya mchezo.

Hatua ya kwanza: kuchagua toleo

Mchezo huu umetolewa upya mara nyingi, na matoleo hayafanani. Lile la PlayStation la mwaka 1999 liliongeza vipande vya katuni, lakini liliharibiwa na kusubirisha: ukifungua menyu unangoja, ukiingia kwenye pambano unangoja tena. Sishauri mtu aanze nalo isipokuwa kwa udadisi. La Nintendo DS la mwaka 2008 ndilo lililoleta tafsiri mpya ya Kiingereza pamoja na sehemu za ziada, na ndilo lililowafikia wachezaji wa Ulaya rasmi kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa 2009. La simu lilifuata, la iPhone mwishoni mwa 2011 na la Android mwaka 2012, na hatimaye likaja la kompyuta kupitia Steam tarehe 27 Februari 2018.

Toleo la Steam lilipotoka lilizomewa, na lilistahili. Picha zilikuwa zimelainishwa mpaka zikaonekana kama zimepakwa mafuta, maandishi hayakuendana na mchezo, na menyu zilikuwa zile zile za kidole cha simu. Kuanzia Aprili 2018 watengenezaji walitoa masahihisho kadhaa, na kati ya mambo yaliyorudi ni uwezo wa kuchagua michoro ya asili. Kwa hiyo mtu aliyesoma malalamiko ya wakati ule asiyachukue kuwa ndiyo hali ya sasa. Kwa mwenye kompyuta, hata ya kawaida, ninapendekeza toleo hili pamoja na pedi ya kuchezea. Asiye na kompyuta atumie simu bila wasiwasi, ila ajue kwamba michezo midogo inayotaka vidole vya haraka itamsumbua kidogo kwenye kioo.

Anayekumbuka toleo la zamani ajiandae pia kwa lugha. Katika tafsiri ya 1995 yule shujaa mwenye umbo la chura, Frog, alizungumza Kiingereza cha kale, mithili ya mtu anayeagiza chai kwa lugha ya tenzi. Katika tafsiri mpya anaongea kama watu wengine. Vidonge vya kuongeza nguvu vilivyoitwa “Tab” sasa vinaitwa “Capsule”. Ukifuata maelekezo ya zamani bila kujua hili utatafuta vitu visivyokuwepo.

Hatua ya pili: mipangilio kabla ya kutoka nyumbani kwa Crono, mhusika mkuu

Fungua mipangilio na uchague michoro ya asili, hasa ukitumia skrini kubwa. Kisha amua kuhusu mwendo wa mapambano. Kuna namna mbili: katika ile ya “Active” maadui huendelea kushambulia hata unapotafuta dawa kwenye menyu, na katika ile ya “Wait” wakati husimama unapokuwa umefungua orodha ya mbinu au ya vitu. Waliozoea hujisifu kwa kutumia ya kwanza. Mimi hutumia ya pili, kwa kuwa raha ya mapambano haya ni kupanga, na mtu hawezi kupanga vizuri huku anapigwa.

Jambo la mwisho hapa ni kuhifadhi. Matoleo mapya huhifadhi yenyewe unapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, nayo ni rehema kubwa umeme unapokatika. Lakini hifadhi hiyo hufutwa na ile inayofuata, kwa hiyo haifai kutunza uamuzi ambao huenda ukataka kuurudia. Tenga angalau nafasi tatu za kuhifadhi kwa mkono: moja ya kila siku, moja kabla ya kila bosi, yaani adui mkuu wa sehemu, na moja ya kabla ya uamuzi mkubwa, ambayo hutaigusa mpaka mchezo uishe. Mara yangu ya kwanza nilicheza kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa, nikiwa na hifadhi moja tu, na nilipofika kwenye ufalme wa Zeal nikakuta mashine imesafishwa yote. Ilinichukua miaka kuanza tena.

Hatua ya tatu: maonyesho ya mwaka 1000, ambako kila mtu anakutazama

Mchezo unaanza katika mwaka 1000 BK kwenye sherehe za miaka elfu moja ya ufalme wa Guardia, na mchezaji wa zamani hutamani kukimbilia kwenye mtambo wa Lucca, rafiki wa Crono, ili safari za wakati zianze. Usikimbie. Saa chache baadaye Crono atashtakiwa kwa kumteka binti mfalme, na kila ulichokifanya uwanjani kitaletwa mahakamani na mashahidi mbele ya baraza la wazee saba.

Unapogongana na Marle, msichana ambaye kumbe ndiye binti mfalme, kidani chake huanguka chini. Ongea naye kwanza umjulie hali, ndipo uokote kidani. Ukianza na kidani utaitwa mwenye tamaa. Mezani kuna mfuko wa rangi ya waridi wenye chakula cha mzee mmoja, nao ukiula unakurudishia nguvu, jambo linaloonekana kama zawadi ya watengenezaji mpaka siku mzee huyo atakaposimama kizimbani kueleza jinsi alivyolala na njaa. Kuna msichana aliyepotelewa na paka: mwendee paka, atakufuata, umpeleke kwa mwenyewe. Melchior, muuza silaha, atakuuliza kama mnataka kuuza kidani cha Marle, kataa. Na Marle anaposimama kuchagua peremende, msubiri tu bila kumsukuma wala kuondoka, hata ukiona anakawia.

Mahakamani nako jibu maswali kwa ukweli. Ukionekana huna hatia bado utafungwa siku tatu, kwa sababu kansela ana nia yake, na ukionekana na hatia utahukumiwa kifo baada ya siku hizohizo tatu, kwa hiyo hadithi inaendelea kwa njia zote mbili. Tofauti ni kwamba wazee wote saba wakikutetea unaletewa gerezani chupa za Ether, dawa ya kurudisha nguvu za kichawi, nazo wakati huo ni ghali kwako. Mimi nayafanya haya yote kila ninaporudia mchezo, na si kwa ajili ya chupa. Ni kwa sababu hapa ndipo mchezo unapokuambia mapema utakuwa mchezo wa namna gani.

Hatua ya nne: kupigana kwa kutazama, si kwa kubofya

Maadui katika mchezo huu wanaonekana kabla ya pambano, na pambano hufanyika palepale mliposimama. Hilo lina maana moja kubwa ambayo watu huisahau: nafasi ya adui uwanjani ina thamani. Mbinu ya kwanza ya Crono, Cyclone, hugharimu pointi 2 tu za nguvu za kichawi, nayo huwakata wote walio karibu na yule uliyemlenga. Chukua mfano wa msitu wa Guardia katika mwaka 600 BK. Maadui watatu wanatokea, mmoja kushoto, wawili kulia, nao hawatulii. Ukipiga mara moja unamkata mmoja. Ukisubiri sekunde mbili mpaka yule wa kushoto asogee kwa wenzake, unawamaliza wote kwa pigo moja. Kusubiri huko ndiko kunakotofautisha mchezaji anayeishiwa dawa njiani na yule anayefika kwa bosi akiwa na akiba yake nzima.

Baadaye wahusika wawili au watatu walio tayari kwa wakati mmoja wanaweza kuunganisha mbinu. Kwa hiyo usiwaagize kushambulia mmoja mmoja kila upau wao wa zamu unapojaa. Mwache aliyetangulia amsubiri mwenzake. Crono na Frog wakiunganisha Cyclone na pigo la Frog la ulimi na upanga wanapata X-Strike, ambayo itakubeba muda mrefu dhidi ya mabosi. Marle na Lucca huunganisha barafu na moto kuwa Antipode. Mbinu hizi hufunguka wahusika wanapopigana pamoja na kupata pointi za mbinu, kwa hiyo mbadilishe wenzako mara kwa mara kuliko kung'ang'ania watatu wale wale.

Kuhusu mabosi, karibu kila mmoja ana fumbo, na nguvu peke yake hazitoshi. Kifaru cha kivita kwenye daraja la gereza kipigwe kichwa kwanza, maana kichwa ndicho kinachotengeneza sehemu nyingine. Heckran, pangoni, hufika mahali akakukaribisha umpige. Usimpige mpaka atakapobadili msimamo, la sivyo atakurudishia maradufu. Nizbel, dubwana la zama za dinosaria, apigwe radi ya Crono kwanza ili ulinzi wake ushuke. Magus, mchawi mkuu, ndani ya ngome yake hubadilisha ngao: tazama ni aina gani ya nguvu anayoikubali kwa wakati ule, umpige kwa hiyo, na umtumie Frog na upanga wa Masamune kupunguza kinga yake dhidi ya uchawi.

Nguvu za kichawi zenyewe hutolewa na kiumbe aitwaye Spekkio, mahali paitwapo mwisho wa nyakati, baada ya kuzunguka chumba chake mara tatu ukifuata ukuta. Ayla, mwanamke wa zama za dinosaria, hatapewa, kwa kuwa alizaliwa kabla ya uchawi kuwepo, na Robo, yule roboti, hatapewa kwa kuwa ni mashine. Wasiachwe nje kwa sababu hiyo. Mionzi ya Robo hufanya kazi kama nguvu za kivuli, na Ayla, akishajifunza mbinu ya Charm, huwaibia maadui na mabosi vitu adimu ambavyo havipatikani kwa njia nyingine.

Katika mwaka 65,000,000 KK, pia, tenga nusu saa ya kuwinda kwenye mbuga karibu na kijiji cha Ioka. Maadui wa pale huacha petali, meno, pembe na manyoya, na kijijini unabadilisha vitatu vya aina moja na vitatu vya aina nyingine kwa silaha au mavazi yanayozidi yale ya madukani. Mvua ikinyesha mbugani, zunguka umtafute kiumbe wa buluu aitwaye Nu. Ana mkono mzito, lakini analipa vizuri.

Hatua ya tano: masanduku meusi, na ubaya wa mkono mwepesi

Tangu mwanzo wa mchezo utakuwa umeyaona masanduku meusi yasiyofunguka. Yanafunguliwa na kidani cha Marle baada ya kutiwa nguvu katika ufalme wa Zeal, mwaka 12,000 KK. Mtatimuliwa kutoka Zeal, mtafika 2300 BK na kukabidhiwa Epoch, chombo cha kusafiri katika zama. Wengi hapo hurudi Zeal moja kwa moja. Wewe simama, rudi kwanza kuyafungua masanduku.

Baadhi ya masanduku hayo yapo mahali pamoja katika zama mbili, mwaka 600 BK na mwaka 1000 BK, kwa mfano ndani ya kasri la Guardia. Ukilifungua la mwaka 600 na kuchukua kilichomo, la mwaka 1000 litakuwa tupu, na ndivyo inavyopaswa kuwa: kitu ulikichukua miaka 400 iliyopita. Utaratibu sahihi ni huu. Nenda mwaka 600, ligusie kidani, na mchezo utakapokuuliza kama utoe kilichomo, kataa. Nguvu ya kidani itaendelea kukilea kitu hicho karne nne. Nenda mwaka 1000, fungua, chukua kilichokomaa. Kisha rudi mwaka 600 uchukue kile cha awali. Unatoka na vitu viwili badala ya kimoja.

Miongoni mwake yamo mavazi yanayonyonya nguvu za asili kama moto, na hayo utayahitaji sana dhidi ya bosi wa kasri la jua. Nikiri kwamba mara mbili nimeichukua fulana ya mwaka 600 kwa mazoea ya kubofya tu. Hifadhi kabla ya kuanza mzunguko huu.

Hatua ya sita: kifo cha Crono na maamuzi yanayofuata

Katika kasri la chini ya bahari Crono anakufa mbele ya Lavos, dubwana linaloangamiza dunia na ambalo ndilo adui wa mwisho. Hakuna namna ya kumwokoa katika mchezo wa kwanza, na usipoteze dawa ukijaribu. Baada ya hapo kikosi kitakamatwa na Dalton, mtu wa Zeal, ndani ya ndege yake kubwa na kunyang'anywa silaha zote. Ukiwa na Ayla kikosini hasara hiyo haikugusi sana, kwani yeye hupigana kwa ngumi.

Halafu utamkuta Magus amesimama peke yake kwenye rasi, naye atakuuliza kama mnataka kupigana. Hapa ndipo ile hifadhi ya uamuzi mkubwa inapohitajika. Ukimwua, laana iliyomgeuza Frog kuwa chura ina nafasi ya kuondoka, na utaliona hilo mwishoni. Ukimwacha, anajiunga nanyi. Kwa anayerudia mchezo baada ya miaka mingi ninashauri amwache, kwa sababu mazungumzo yake katika safari zinazofuata yanabadilisha sura ya hadithi nzima. Ajue tu kwamba Magus hana mbinu za wawili na mtu yeyote.

Kumrudisha Crono si lazima. Mchezo unakubali umalizike bila yeye, jambo ambalo michezo mingi hata ya leo isingethubutu. Ukitaka kumrudisha, mzee Gaspar wa mwisho wa nyakati atakupa lile yai linaloitwa Chrono Trigger, nawe utahitaji mwanasesere anayefanana na Crono. Anapatikana kwenye hema la Norstein Bekkler uwanjani mwaka 1000 kwa pointi 40, ambazo huchumwa kwenye michezo ya sherehe. Njia ya haraka ni kumpiga mara kwa mara Gato, roboti anayeimba, ambaye hutoa pointi 15 kila ushindi. Ukishinda mchezo wa kuiga, mwanasesere hupelekwa nyumbani kwa Crono, kwa hiyo pitia kwa mama yake umchukue. Hatimaye panda mlima wa kifo katika mwaka 2300, na viumbe wenye magamba wanaokuzuia njiani wapige kichwani tu. Ukipiga gamba unajichoma mwenyewe.

Hatua ya saba: safari za pembeni, yaani mchezo wenyewe

Gaspar atakutajia kwa mafumbo safari kadhaa zilizobaki. Mtu anaweza kuziruka zote akaenda kwa Lavos, lakini aliyefanya hivyo hajaurudia mchezo, ameukimbia mara ya pili. Sitazieleza zote. Ya kiwanda cha mama wa roboti, kwa mfano, inajieleza yenyewe. Mbili zinastahili kusimuliwa taratibu.

Ya kwanza ni ya jiwe la jua. Ukimshinda bosi wa kasri la jua mwaka 2300 unapata jiwe la mwezi lililopoa, ambalo linatakiwa lipelekwe kwenye pango la jua mwaka 65,000,000 KK, likae likiota mwanga kwa miaka milioni 65. Unaliweka, unarudi 2300 kulichukua, halipo. Unafuatilia zama kwa zama na kugundua kwamba limetoweka mwaka 1000, na nyumba ya meya wa Porre inang'aa kwa namna isiyo ya kawaida. Meya anakana kila kitu. Huwezi kumpiga wala kumlipa.

Dawa yake iko miaka 400 nyuma. Nenda hoteli ndogo iitwayo Snail Stop, mwaka 1000, ununue kipande cha nyama kavu kwa 9,900 G, yaani fedha ya mchezo. Bei hiyo ni ya kuchekesha kwa nyama kavu. Rudi mwaka 600 Porre, kwenye nyumba hiyohiyo, umkute mama wa nyumba anayeitafuta nyama hiyo, naye atakupa 10,000 G. Ukikubali umepata faida ya 100 na umeikosa hadithi. Mpe bure. Atashangaa, atashukuru, na ataapa kuwalea watoto wake wawe wakarimu. Ukirejea mwaka 1000, meya yule yule aliyekuwa bahili amekuwa mtu mwingine, na jiwe analitoa mwenyewe. Lirudishe pangoni, nenda 2300 pamoja na Lucca, na atalitumia kutengeneza silaha na vifaa bora. Nilipokuwa kijana nilichukua zile 10,000 na nikabaki nikishangaa kwa wiki nzima kwa nini meya haongei.

Ya pili ni ya msitu wa Fiona. Mwaka 600 kuna mwanamke anayejaribu kupanda miti katika jangwa. Kwanza utashuka chini ya mchanga kumwua Retinite, dubwana la mifupa ambalo ni gumu mpaka limwagiwe maji, kwa hiyo nenda na Marle au Frog. Kisha Robo atajitolea kubaki kulima. Unamwacha. Unapanda Epoch, unaruka mwaka 1000, dakika moja kwako, na unamkuta Robo ndani ya hekalu katikati ya msitu mnene, ameheshimiwa kama mtakatifu, chuma chake kikiwa kimechakaa kwa kazi ya miaka 400.

Usiku huo wanakoka moto wa kambi, na hapa weka pedi chini usome bila kuharakisha maandishi. Wengine wakilala, Lucca anaamka na kukuta lango jekundu la kupitia zama, la kipekee katika mchezo mzima. Linamrudisha nyumbani kwao utotoni, siku ambayo sketi ya mama yake, Lara, ilinaswa na mashine ya baba yake na miguu yake ikapondwa. Mashine inazimwa kwa neno la siri, na neno lenyewe ni jina la mama: L, A, R, A. Barua iliyo nyumbani inakudokezea, lakini muda ni mfupi, na vitufe vya pedi au vya kioo cha simu vinatofautiana na vile vya mashine ya asili, kwa hiyo kabla hujalikaribia lango hakikisha unajua kila herufi iko wapi kwenye kifaa chako. Ukichelewa, mchezo hauishi. Lucca anarudi kambini na mama yake anabaki vilevile alivyokuwa.

Sehemu za ziada zilizoletwa na toleo la DS na kuwekwa pia kwenye Steam na simu ni suala jingine. Ile ya Lost Sanctum ni kupanda na kushuka mlima mmoja mara nyingi ukitumwa na wanakijiji, nami naihesabu kama kazi ya hausiboi. Iruke, urudi tu ukihitaji silaha zake.

Hatua ya nane: Black Omen, Lavos, na kuanza tena na kila ulichonacho

Ngome inayoelea ya Black Omen ipo katika zama kadhaa kwa wakati mmoja, na mpangilio wa kuiingia ni muhimu. Ukiishinda katika mwaka 12,000 KK, inatoweka katika zama zote zinazofuata. Anza mwaka 1000, kisha 600, na mwisho 12,000 KK, na utakuwa umeipora mara tatu. Peleka Ayla na Charm yake, kwa sababu maadui wa ndani wana vidonge vya kuongeza nguvu.

Ukimshinda Lavos, hifadhi mchezo na uchague kuanza upya kwa New Game+, ambamo wahusika hubaki na viwango, mbinu na vifaa vyao. Miisho ni zaidi ya kumi, na unaopata hutegemea umemwendea Lavos katika hatua ipi ya hadithi. Njia fupi kuliko zote iko palepale uwanjani mwaka 1000: mtambo wa Lucca ukishaonyeshwa, kimulimuli hutokea kwenye jukwaa la kulia, nacho hukupeleka kwa Lavos moja kwa moja, Crono akiwa peke yake au na Marle tu.

Ukishinda kwa njia hiyo, utatua kwenye mwisho wa nyakati uliojaa watu usiowajua. Zunguka uongee nao mmoja mmoja. Ni watengenezaji wenyewe, wakiwa na umbo la wahusika wa mchezo, wanatania, wanalalamikia kukosa usingizi na kumshukuru mchezaji.